Baraza la Vita katika Tamthilia ya "Kinjeketile"

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, huhakikiwa mara nyingi kama sifa ya umoja: makabila yaliyotengana yanapokea maji yale yale na kusimama pamoja mbele ya Wajerumani. Usomaji huo si wa makosa, ila unapita upesi juu ya jambo lililojaa katika mchezo, yaani mashauri. Watu wake wanazungumza zaidi ya wanavyopigana, na swali linalowagawanya ni nani mwenye haki ya kuamua siku ya vita.

Kabla ya maji, hofu inatamkwa waziwazi, silaha za adui zinapimwa, na utengano wa makabila unatiwa katika hesabu. Kitunda ndiye bingwa wa kupima namna hiyo; wanaomwita mwoga hawakumsoma vizuri. Maji yanapotolewa, mizani yake inavunjika. Mtu aliyeahidiwa kwamba risasi haitamdhuru, ataulizaje idadi ya bunduki? Kila swali la kijeshi limegeuka kuwa swali la imani. Hata Kinjeketile, anapowataka watu wangoje, anakuta neno alilolitoa mwenyewe limekwisha kumpita.

Historia inaunga mkono sehemu hii. Mwishoni mwa Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete walichoka kungoja amri kutoka Ngarambe, wakang'oa pamba. Walijua kwamba kitendo hicho ni kutangaza vita. Kinjeketile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, na boma la Mahenge lilishambuliwa tarehe 30 Agosti, yaani zaidi ya majuma matatu baada ya kifo chake. Hussein amemwacha hai hadi baada ya maafa hayo. Hilo si kosa la tarehe, kwani mtunzi mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa. Hata hivyo uhuru huo una gharama. Penye Mahenge ya kweli hapakuwa na nabii wa kuulizwa. Wakuu wa huko walijiamulia. Katika mchezo, mzigo wa wengi umetwikwa mtu mmoja, na baraza limetoweka.

Pengo kubwa zaidi liko kwa wanawake. Tangu mwanzo mke wa Kitunda anazungumza habari ya njaa. Hakuna anayempeleka barazani, na mtunzi naye hamrudishii neno hilo wakati wa kuamua. Ilhali vita vya Maji Maji, vilivyokwisha mwaka 1907, viliua watu wengi zaidi kwa njaa kuliko kwa risasi, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. (Lugha nayo inashangaza: neno shauri linazaa kushauriana, na pia lile "shauri lako" la kumwachia mtu mzigo wake.)

Katika onyesho la gerezani baraza limebaki la watu wawili. Kitunda anamsihi mwenzake akane maji. Bado anahesabu, safari hii roho za watu. Kinjeketile anakataa, akihofia vizazi vijavyo wasije wakaambiwa kwamba waliopigana walipigania uongo. Hussein hakumtangaza mshindi. Waigizaji wanaolitamka jibu la Kinjeketile kwa sauti ya shangwe wanamnyima Kitunda nafasi yake, naye ndiye aliyewaona wafu wa Mahenge.