Mizani ya Seremala: Tenzi za Rohoni Mitaani Kariakoo

Baina ya Mnazi Mmoja na bonde la Msimbazi, kasida na nyimbo za kanisani husikika mtaa mmoja. Kasida ina wajuzi wake. Tenzi za Rohoni, kitabu kidogo kinachobebwa mkobani na kuimbwa hata misibani, hakihesabiwi miongoni mwa diwani. Husemwa kuwa ni tafsiri tupu, tena jina la utenzi kimelivaa bila haki. Dai hilo lastahili kupimwa.

Baadhi ya nyimbo hizo asili yake ni Uingereza, kwa wachungaji waliojitenga na kanisa la dola. Mmojawapo ni Edward Mote (1797–1874), seremala wa London aliyekuja kuwa mchungaji wa Wabaptisti mjini Horsham. Mwaka 1834 alitunga wimbo unaomfananisha Kristo na mwamba imara. Katika ubeti wa kwanza wa tafsiri ya Kiswahili, mizani ni 8 kila mstari, haikupunguka wala kuzidi. Vina navyo hukutana viwili viwili. Utenzi wa jadi wataka mistari 3 ifuate kina kimoja, na wa 4 ubebe bahari inayoshika utungo mzima. Basi wimbo huu ni ndugu wa utenzi kwa mizani, si kwa vina.

Ila yake kubwa imo katika lahani. Mshororo wa Mote huishia kwenye silabi yenye mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Lahani ya kigeni ikiletwa nzima nzima, pigo huangukia pasipo pake, na neno la kila siku likasikika geni. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mwanazuoni wa Ahmadiyya aliyepata kuwa meya wa Dar es Salaam, alishikilia katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954) kwamba shairi sharti liimbike. Kwa kipimo hicho, wimbo huu wafaulu karatasini na kutatizika kinywani.

Hata hivyo, waombolezaji wakiuvuta polepole, pigo hulegea na maneno hurudi kwenye Kiswahili chao. Hapo tafsiri hukoma kuwa ya mgeni. Mhakiki anayeupuuza utungo huo hamkoseshi heshima Mote. Anawakosesha wanaomzika maiti wao kwa mizani 8 iliyotimia.