Mwalimu Mwenye Mguu Mmoja

Yamkini umewahi kuambiwa kwamba hadithi za safari na hazina hupoteza wakati, kwa kuwa humtoa mtu katika dunia yake na kumpeleka kusikokuwako. Lawama hii ina haki kiasi. Lakini twaa kitabu cha Robert Louis Stevenson kilichotolewa mwaka 1883, ambacho kimesomwa kwa Kiswahili tangu 1929 kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina, ukipime mwenyewe.

Kijana Jim Hawkins aliambiwa ajihadhari na baharia mwenye mguu mmoja, hata akawa akimwota usiku kama zimwi. Lakini alipokutana na John Silver, ambaye kweli alikuwa na mguu mmoja, alimwona mtu nadhifu, mcheshi, mwenye maneno matamu. Shaka yote ikamtoka. Nasi wasomaji twampenda Silver pamoja naye. Baadaye, akiwa ndani ya pipa la matofaa merikebuni, Jim alimsikia akimsifu kijana mwingine kwa maneno yale yale aliyomsifia yeye. Hapo ndipo alipojua kwamba rafiki yake ni kiongozi wa maharamia.

Methali hutuonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Twaitikia, kisha twasahau. Hadithi hii hutudanganya kwanza, ndipo ikatufumbua macho, nasi hatukupoteza hata senti. Atakapokujia mtu mwenye ulimi wa asali, akikuahidi kazi ya mshahara mnono ng'ambo, huenda ukalikumbuka lile pipa na kujiuliza: Je, maneno haya amekwisha kuwaambia wangapi kabla yangu?

Kitabu hiki hakikosi ila. Dhahabu ile ilikuwa mali ya uharamia, na Jim ajua kwamba imegharimu damu nyingi. Katika wote waliosafiri, watu watano tu walirudi na merikebu. Hata hivyo, hakuna shujaa hata mmoja aulizaye wenye mali walikuwa akina nani. Swali hilo mwandishi hakuliuliza. Ni wajibu wako kuliuliza.

Basi soma hadithi za namna hii bila kuona haya, lakini usizisome kwa ajili ya hazina peke yake. Watazame sana wale waifuatao, kwa maana hao utakutana nao.