Kibwagizo cha Herufi Nne: Kulisoma Umbo la Chanjo ya R21

Chanjo ya malaria iitwayo R21 isomwe kama shairi la arudhi: tuanze na umbo lake. Protini ya ganda la virusi vya homa ya ini B imeungwa na kipande cha protini inayokifunika kimelea cha malaria kinapotoka kwenye mate ya mbu. Hamira ikishazizalisha, protini hizo hujikusanya zenyewe na kuwa tufe. Hakuna mashine inayozipanga. Matufe 30,000 yakiwekwa mstari mmoja hayafiki milimita.

Uzito wa kazi uko kwenye kipande cha malaria. Wanasayansi huandika kila asidi amino kwa herufi moja, na hapa N, A, N, P hurudi mara 18 hivi. Ni kibwagizo, tena kinaimbwa pande zote za tufe kwa pamoja. Kinga ya mwili huamshwa hasa na kitu kinachojirudia kwa ukaribu namna hiyo. Protini moja moja, zikielea ovyo, zingeiamsha kidogo tu.

RTS,S, chanjo iliyotangulia, ilijaza tufe lake: kwa kila protini yenye malaria, takriban nne zilikuwa za homa ya ini tupu. R21 imeondoa mishororo hiyo ya kujazia. Naupenda ufupisho huo, lakini uzuri wa umbo hauthibitishi nguvu. Nguvu ilipimwa kwa watoto wapatao 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kilifi na Bagamoyo. Kwa mwaka mmoja, kinga ilikuwa 75% kwenye malaria ya msimu, na 68% inakouma mwaka mzima. Kwa Kisangani, kule Congo karibu na Ikweta, tarakimu ya kusoma ni ya pili.

Udhaifu nao umo umboni. Kibwagizo hiki ni cha kimelea kabla hakijaingia ini. Kikishatoka ini na kuingia kwenye damu kimevaa protini nyingine, na kingamwili zilizoamshwa na chanjo hazikitambui. Tena hupungua kadiri miezi inavyopita, ndiyo maana dozi ya nne hutolewa mwaka mmoja baada ya ya tatu.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria baada ya Nigeria, ilianza kutumia R21 katika jimbo la Kongo Central mwishoni mwa Oktoba 2024. Mzazi, kituo chako cha afya kikiwa nayo, mpeleke mtoto mara zote nne, na usiku alale ndani ya chandarua.