Anayechora kwa Kusimama Juu ya Picha

Pazia linaloning'inia nyuma kabisa ya jukwaa, lile lenye bahari, msitu au mtaa wa mji, linaweza kuchorwa kwa njia mbili. Waingereza walizoea kulisimamisha kwenye fremu. Mafundi wa Urusi na Ufaransa walilitandaza sakafuni, wakalichora wamesimama juu yake. Vladimir Polunin, Mrusi aliyelichorea kundi la dansi la Ballets Russes mapazia yake, aliiandikia njia hii kitabu mwaka 1927. Ndiyo ninayoistaajabia, maana fundi anachora picha asiyoweza kuiona yote.

Kwanza kitambaa. Vipande vya kitani au pamba huungwa kwa mishono ya mlalo, ili pazia likitundikwa lining'inie bila makunyanzi. Hupigiliwa misumari midogo pembeni, kisha hupakwa chaki ya unga iliyokorogwa na gundi ya ngozi za wanyama. Kikikauka kinanywea na kukaza. Hapo hakuna la kufanya ila kusubiri.

Mchoro wa msanii, pengine mdogo kuliko sinia, umegawanywa miraba. Fundi anaigawa sakafu vivyo hivyo kwa kupiga uzi: msaidizi anashika ncha moja ya uzi uliosuguliwa mkaa, yeye anaukaza kutoka upande wa pili, anauinua kidogo, anauachia. Mstari wa mita 10 umenyooka kwa pigo moja. Kisha anafunga kijiti cha mkaa kwenye ncha ya mwanzi na kuchora akitembea, mraba hadi mraba, mgongo wima. Akikosea haulizi kifutio. Anachukua fimbo iliyofungwa vitambaa, analichapa pazia, mkaa unapeperuka.

Rangi ndiyo mtihani. Ni unga uliochanganywa na gundi ya moto: gundi ikizidi, rangi hupasuka pazia likikunjwa, ikipungua, huishia mikononi mwa wabebaji. Tena rangi hii ikikauka hupauka, kwa hiyo fundi haiamini ile iliyo ndooni. Anapaka kidogo kwenye kitambaa cha pembeni, anangoja ikauke, anarudi kuongeza. Brashi yake ina mpini mrefu. Ukimwona kwa mbali utadhani anafagia uwanja.

Kwa karibu ni mabaka matupu. Jani ni mapigo matatu tu: kijani kizito, kijani chepesi, kidoa cha njano upande wa mwanga. Mwanafunzi hupotea hapa, akihangaika na mishipa ya kila jani (nani aliyeketi safu ya mwisho ataiona?). Fundi hupanda ngazi, hutazama, hushuka, huongeza kidoa. Wapo wanaogeuza darubini na kuchungulia upande usio wake, ili pazia lionekane liko mbali.

Mwaka 1924 fundi Alexander Schervashidze alipewa picha ya Picasso isiyofika nusu mita, wanawake wawili wakikimbia ufukweni, aikuze iwe pazia la mbele la dansi ya *Le Train Bleu*, zaidi ya mita 10 kwenda juu. Inasemekana alilimaliza ndani ya saa 24. Kasi hiyo anayo tu mtu ambaye mkono wake umezirudia hatua hizi miaka mingi. Picasso alivutiwa nalo hata akatia sahihi. Pazia hilo sasa ni mali ya jumba la makumbusho la V&A, London, na sahihi iliyo juu yake ni ya Picasso.