Neno Lisilo Kamusini: "Scamels" na Wajibu wa Mfasiri

Mfasiri hufundishwa kwamba neno geni hutafutwa kamusini. Kanuni hiyo ni njema, lakini haisemi la kufanya kamusi inaponyamaza. Mfano mmoja wa tatizo hili ni neno "scamels", ambalo Caliban analitamka katika tendo la pili, onyesho la pili, la The Tempest. Lilichapwa mwaka 1623 katika mkusanyo wa kwanza wa tamthilia za Shakespeare. Kamusi za kawaida za Kiingereza hazina neno hili. Kamusi kuu ya Oxford inalitaja bila kukata shauri juu ya maana yake. Tangu S. S. Mushi alipotoa Tufani mwaka 1969, tamthilia hii ina makazi katika Kiswahili. Hata hivyo, kinachochunguzwa hapa ni tatizo lenyewe, si suluhisho la mfasiri mmoja.

Wahakiki wamebahatisha mengi. Lewis Theobald, mhariri wa karne ya 18, alipendekeza jina la shakwe, na wanaomuunga mkono hudai kwamba mpiga chapa aliisoma herufi "e" kama "c". Katika karne ya 19 iliripotiwa kwamba watu wa Norfolk waliliita hivyo ndege fulani wa pwani mwenye mdomo mrefu. Wengine wanashikilia kwamba ni aina ya kome. Muktadha wenyewe unathibitisha mambo machache tu: ni kitu cha kuliwa, kina wachanga wake, hutoka mwambani, na hakipatikani kila siku.

Yafaa ieleweke kwamba hatari haimo katika nomino pekee. Mfasiri akiandika "makinda", amekwisha kuamua kwamba ni ndege. Akiandika "nitakuokotea", amekwisha kuamua kwamba ni kome, kwa maana ndege mzima haokotwi. Hata "mwambani" huelemea upande mmoja, kwani kwa watu wa pwani mwamba ni ule wa baharini unaofunuka maji yakitoka. Kiingereza cha Shakespeare hakikuegemea popote. Kwa bahati njema, Kiswahili nacho kina njia ya kutoegemea: "nitakupatia", "wachanga", "jabalini". Upatanisho wa ngeli ya a-wa nao hauleti taabu, kwani shakwe na kome wote huufuata.

Basi nomino yenyewe iweje? Jibu linategemea anayesema. Caliban anatumia lugha aliyofunzwa na wageni, na hapo anawaorodheshea Stephano na Trinculo vyakula vya kisiwa chake. Wao wana mvinyo. Yeye ana ujuzi wa mahali. Neno lisilofahamika kwao ndilo dalili ya ujuzi huo. Kuweka "shakwe" mahali pake ni kumnyang'anya mwenyeji kitu pekee ambacho wageni hawana. Jina la lahaja, tuseme la Kipemba au Kitikuu, lingeleta ladha ya pwani, lakini lingekuwa fumbo kwa msomaji wa bara na jambo la kila siku kwa mvuvi. Neno lililotoholewa, "skameli", linawaweka wote katika hali moja na Trinculo.

Pingamizi lipo, na lina uzito: ikiwa "scamels" ni kosa la mpiga chapa, kutohoa ni kulitukuza kosa. Lakini kosa hilo halijathibitishwa. "Skameli" huacha shaka ionekane, na ushahidi ukipatikana neno litasahihishwa. "Shakwe" huificha shaka, na msomaji wa Kiswahili hatajua kamwe kwamba palikuwa na swali. Mfasiri ana ruhusa ya kukisia. Hana ruhusa ya kuyatoa makisio yake kana kwamba ni maneno ya mtunzi. Kamusi inaponyamaza, wajibu wake wa kwanza ni kupima ni kiasi gani cha ukimya huo ni cha matini yenyewe, na kukihifadhi.