Zege Halilali, Mkaguzi Hajafika

Kwenye saiti za Dar es Salaam upo msemo unaofahamika kuliko kifungu chochote cha mkataba: zege halilali. Likishachanganywa lazima limwagwe, na viwango vingi vimezoea kulipatia gari la zege dakika 90 tangu maji yaguse saruji. Kwenye jua la Februari hata hizo ni nyingi. Ndiyo maana ugomvi wa mkandarasi na mkaguzi hulipuka asubuhi ya kumwaga slabu: pampu imekodiwa, vibarua wamejaa, magari yako njiani, na mwenye kalamu haonekani.

Mkandarasi anaona uzembe, mkaguzi anaona anasukumwa asaini. Kabla ya kuwaamua, tutazame kwanza kinachokaguliwa.

Chukua roshani yenye slabu ya unene wa milimita 150, iliyoshikwa upande mmoja tu. Inapolemewa, sehemu inayovutika ni ya juu, kwa hiyo nondo kuu lazima zikae juu. Nondo ya milimita 12 iliyofunikwa na milimita 25 za zege hufanya kazi kwa kina cha milimita 119, ukipima kutoka uso wa chini wa slabu hadi katikati ya nondo. Mafundi wakizikanyaga wakati wa kumwaga, zikashuka milimita 40 kwa sababu vishikilizi vilikuwa vichache, kina kinabaki 79. Hapo uwezo wa roshani kubeba mzigo umepungua kwa karibu theluthi, na kwa macho hakuna atakayejua. Hata mchemraba wa zege utakaovunjwa maabara siku ya 28 utatoa majibu safi kabisa, maana unapima zege. Haupimi nondo ililala wapi. Kuna vifaa vya kutafuta nondo ndani ya zege lililokauka, lakini vinakuja wakati dawa iliyobaki ni kubomoa au kuimarisha kwa gharama kubwa. Saa ya mkaguzi, basi, ni ile kati ya kufungwa kwa bainding waya ya mwisho na kufika kwa gari la kwanza. Haina mbadala.

Mikataba ya FIDIC, inayotumika sana katika miradi mikubwa ya ukanda huu, inalijua hilo. Kifungu cha 7.3 cha Kitabu Chekundu cha 1999 kinamtaka mkandarasi atoe taarifa kazi inapokuwa tayari, kabla haijafunikwa. Mhandisi naye ama akague bila kuchelewa pasipo sababu, ama aseme upesi kwamba haoni haja ya kukagua. Mkandarasi asipotoa taarifa, mhandisi akidai, atafukua na kurudishia kwa fedha zake. Adhabu hiyo iliandikwa waziwazi; ya mhandisi anayenyamaza haikuandikwa kwa uwazi huo. Toleo la 2017 liliziba pengo: taarifa ikitolewa, mhandisi asijibu wala watu wake wasitokee kwa saa iliyotajwa, mkandarasi anaruhusiwa kufunika.

Wakandarasi waliishangilia ruhusa hiyo mapema mno. Uzito wote sasa uko kwenye neno “tayari”, na hapo ndipo wengi wao wanapoanguka. Taarifa inatumwa jioni kwa matumaini kwamba mafundi nondo watamaliza usiku. Mkaguzi anafika saa tatu asubuhi anakuta ringi hazijafungwa zote, biskuti za kuinulia nondo zimekosekana, na fundi umeme bado anapitisha mabomba. Anageuza. Safari nyingine anakuja saa sita, akijua hata saa tatu wasingekuwa tayari. Mkandarasi naye, akishajua mkaguzi huchelewa, anatuma taarifa mapema zaidi. Kila mmoja anajikinga na tabia ya mwenzake, na ratiba inageuka maigizo. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha mvutano, kuliko hata uchache wa wakaguzi.

Majengo yanayosimamiwa kwa kibali cha halmashauri yana shida ya ziada. Hapo mara nyingi hakuna mhandisi mshauri anayeshinda saiti. Mkaguzi mmoja ana majengo mengi na huenda hana usafiri. Mkandarasi akimtumia gari, siku mkaguzi akikataa kusaini ataitwa hana shukrani.

Kanuni za ujenzi za England za 2010 ziliweka kipimo rahisi kwa hatua kama msingi: toa taarifa, subiri siku moja kamili ipite baada ya siku ya taarifa, kisha endelea. Ukimya ulikuwa na urefu unaojulikana. Napenda urefu huo, ila sikubali ukimya uwe ruhusa kwa slabu za ghorofa hapa kwetu. Jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 likiwa bado linajengwa na kuua watu zaidi ya 30. Baada ya hapo siwezi kumlaumu mkaguzi anayekataa kupitisha nondo kwa kutazama picha kwenye simu.

Njia iliyo wazi ni kutenganisha siku mbili: leo ukaguzi, kesho zege. Mkandarasi ajikague kwanza kwa fomu yake, ndipo aite mtu. Halmashauri nazo ziandike kwenye kibali chenyewe kwamba mkaguzi atafika ndani ya saa 24, na asipoweza, ni mhandisi gani aliyesajiliwa atakayesaini badala yake. Mkandarasi anayeagiza magari kabla ya sahihi hiyo kupatikana asimdai mtu hasara ya zege lililogandia njiani.