Namna ya Kumtambua Mnasihi Aliyeiva

Kazi ya seremala unaweza kuipindua ukakagua maungio. Kazi ya mnasihi haina kitu cha kushika: mtu ameingia, mtu ametoka. Ndiyo maana wengi hukadiria kwa vinavyoonekana, yaani cheti ukutani, sauti ya upole, kiti kizuri. Cheti kina maana yake. Kenya ina sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu 2014, na ni haki yako kuuliza kama aliyekaa mbele yako amesajiliwa. Lakini usajili hauonyeshi uivu. Kipimo changu ni kimoja: je, mnasihi huyu amemwona mteja pamoja na maisha anayorudi kuyaishi jioni? Zifuatazo ni sehemu ambazo kipimo hicho hujidhihirisha.

Salamu kabla ya fomu

Tazama dakika 5 za mwanzo. Kijana wa miaka 28 anampokea mama wa miaka 60. Mnasihi mbichi anavuta fomu: jina, umri, hali ya ndoa. Aliyeiva anasema, "Shikamoo mama," anasubiri marahaba yake, kisha anauliza, "Ungependa nikuite nani?" Wengi watasema mama fulani. Yupo atakayetaja jina lake mwenyewe, kwa kuwa mtoto aliyempa jina hilo la umama amefariki, na kuitwa hivyo kunamchoma. Swali dogo limefungua mlango ambao fomu ingeufunga. Vivyo hivyo badala ya "umeolewa?" atauliza, "Nyumbani unaishi na nani?" Hapo mjane, mke wa pili, bibi anayelea wajukuu na anayeishi peke yake wote wanapata pa kuanzia bila kujieleza kwanza.

Maneno ya mteja hubaki yake

Ni wachache kwetu wanaoingia wakisema, "Nina sonona." Husema, "Nina mawazo," "Moyo unakwenda mbio," "Kichwa kinapata moto." Mnasihi mbichi hukimbilia kuyapa maneno hayo jina la kitabuni. Aliyeiva huuliza, "Mawazo hayo yakija, yanakuja na nini?"

Mfano ninaouheshimu sana uko Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alipoanzisha Benchi la Urafiki huko Mbare, Harare, mwaka 2006, washauri wake wa kwanza walikuwa bibi 14 wa mtaani. Walishika neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na hatua za mazungumzo wakazipa majina ya Kishona yenye maana ya kufungua fikra, kuinua na kuimarisha. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi 6, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi kwa kiasi kikubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao walikuwa na mafunzo na utaratibu. Walikuwa pia wakaazi wa mtaa uleule, wenye kujua bei ya unga na uchungu wa kodi ya nyumba.

Ushauri unaobebeka

Hapa ndipo utaona tofauti kubwa kuliko zote. Tuseme mteja ni binti anayefanya kazi za ndani. Hapati usingizi, analia bila kujua sababu. Mnasihi mbichi anamwambia apumzike, atenge muda wake, aweke mipaka na mwajiri. Binti anaitikia kwa adabu na harudi tena, maana analala sebuleni, mapumziko yake ni Jumapili moja kwa mwezi, na mshahara wa miezi mitatu hajaupata.

Aliyeiva angeuliza kwanza analala wapi, analipwa lini, na nani kijijini anasubiri pesa hiyo. Kisha angetenganisha maumivu yatokanayo na fikra na yale yatokanayo na dhuluma. Mshahara usiolipwa hauponi kwa mazoezi ya kupumua. Mnasihi wa namna hiyo anajua msaada wa kisheria unapatikana wapi, anajua Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linafanya nini, na hamsukumi mteja kwenda huko kabla hajapima hatari atakayokabiliana nayo akirudi. Mwisho wanachagua pamoja hatua moja inayowezekana wiki hii.

Kata na mtungi

Siri ya mtungi aijuaye kata. Jihadhari na mnasihi aliyesoma sura moja kuhusu Waislamu, Wamaasai au watu wenye ulemavu, akadhani amemaliza. Mtu asiyeona anaweza kuwa amekuja kwa sababu ya talaka, na macho yake hayahusiki kabisa. Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, waliandika juu ya unyenyekevu wa kitamaduni: kujifunza kutoka kwa mgonjwa maisha yote, badala ya kujihesabu umefuzu tamaduni za watu. Mnasihi mnyenyekevu utamjua kwa kauli kama hii: "Nielekeze, kwenu jambo hili linachukuliwaje? Na wewe mwenyewe, unakubaliana nalo?" Swali la pili ndilo linalomtoa mteja kwenye kundi na kumrudisha kuwa mtu.

Mteja akiwa kiziwi, tazama mnasihi anaelekeza macho wapi. Yakikaa kwa mkalimani wa Lugha ya Alama, bado hajaiva. Na akikubali mtoto wa mteja ndiye atafsiri, ondokeni. Mtoto habebeshwi machozi ya mama yake.

Siri na mipaka yake

Asiyeeleza mipaka ya siri siku ya kwanza anajenga juu ya mchanga. Mteja ana haki ya kujua mapema ni lini mnasihi atalazimika kumhusisha mtu mwingine, kama vile maisha yakiwa hatarini au mtoto akiumizwa. Ajue na sheria ilivyo. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai kinakiuka Katiba. Mteja asiyejua hilo anaweza kunyamazia jambo lililomleta, akihofia pingu.

Anavyobeba kosa

Mwaka 1953 Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique, alianza kazi katika hospitali ya Blida-Joinville, Algeria. Yeye na Jacques Azoulay walianzisha mikutano na burudani za wodini. Kwa wanawake wa Kizungu zilifaa. Kwa wanaume Waislamu zilikwama. Mwaka 1954 waliandika waziwazi kwamba kosa lilikuwa lao: waliwapelekea wagonjwa desturi za Ulaya wakidhani ni za wanadamu wote. Hospitali ikaja kupata mkahawa wa kienyeji, sikukuu za Kiislamu na msimulizi wa hadithi. Wala hawakusema wagonjwa ni wagumu.

Kwa hiyo mwambie mnasihi wako, siku moja, "Hapo hukunielewa." Akijitetea, umepata jibu. Akinyamaza kidogo, kisha akasema, "Samahani, nirudishe nyuma," baki. Na baada ya kikao cha tatu jiulize: je, hapa nimesema jambo ambalo kwingine nisingethubutu kulisema, na nimetoka nalo likiwa bado langu?